Ng'ombe wa Kwenye Picha

Wifi yangu Oliva hakuja kwenye arobaini ya kaka yake kulia. Alikuja kuhesabu ng'ombe. Nilimjua tangu anashuka kwenye gari, anachungulia nyuma ya nyumba kabla hajaniangalia mimi. Shikamoo yangu aliipokea kwa pua, akapita moja kwa moja sebuleni na kusimama mbele ya picha ya marehemu mume wangu, Herman, mikono kiunoni.

Kwenye picha hiyo Herman bado kijana. Amesimama mbele ya madume saba wenye nundu za kutisha, mkono mmoja ameuweka mgongoni kwa yule mwekundu kama vile amelala naye zizi moja. Ilipigwa mnadani mwaka wa mvua za Elinino, na mpiga picha wa kutembea. Msiba ulipotokea, mwanangu Gidion aliipiga kwa simu, akaipeleka mjini ikachapwa kwenye fulana, na ukoo mzima ukamzika Herman ukiwa na ng'ombe kifuani. Hapo ndipo macho yalipowatoka. Ile ndogo ya ukutani walikuwa wameizoea, lakini kwenye fulana kila dume alionekana mpaka ncha ya pembe.

Misa iliisha, wakala makande yangu, tena wakaongeza. Baba mkubwa Margwe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akafungua kikao kwa sala. Oliva hakungoja hata amina ipoe.

"Mama Gidion, ng'ombe wa kaka yangu wako wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Hee! Ng'ombe gani! Siku ya mazishi umewavaa, leo huwajui?"

Nikamwambia zizini kuna mbuzi na ndama mmoja, aende akahesabu mwenyewe. Akasonya.

"Nani amekuuliza zizi? Kwani sisi ni wageni?"

Hapo alinipata, lazima niseme ukweli. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani. Anawafugisha kwa watu, wawili kwa rafiki yake huku, watatu kwa wafugaji kule bondeni, ili ugonjwa ukipita usimmalize na jirani asimhesabie mali. Akifa, mke ndiye anayejua walipo. Kwa hiyo zizi tupu halimwoneshi mtu kuwa maskini. Kwa Oliva lilinionesha mimi kuwa mwizi.

"Umewapeleka kwenu kule Masieda, kwa kaka zako," akasema, na wengine wakaguna kukubali.

Baba mkubwa Margwe akainua mkono. "Mama, taja waliko. Usipotaja, nyumba na shamba vitakaa chini ya ukoo mpaka ng'ombe wapatikane. Wewe utarudi kwenu ukapumzike kidogo."

Nikapumzike! Shamba la mahindi na mbaazi nimelilima kwa mikono hii, Herman mgongo unamuuma miaka nenda miaka rudi, leo nikapumzike! Akufukuzaye hakwambii toka. Nilikitua kikombe cha chai kwenye kisahani kwa kishindo.

Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu wiki ya kwanza ya ndoa.

Madume wale hakuna hata mmoja aliyekuwa wa Herman. Alijisogeza kwa ng'ombe wa watu mnadani, akapigwa picha, akampa mshenga aipandishe Masieda kwa baba yangu. Mzee Joakimu, baba yangu, alikuwa mtu wa kuangalia mifugo kwanza na mkwe baadaye. Akaishika picha kwa mikono miwili, akasema kijana huyu anajua kutafuta. Nikaolewa. Nilipofika hapa Gehandu nikauliza zizi liko wapi, Herman akaangalia viatu vyake. Loo! Siku hiyo nilimtukana mpaka kuku wakatoka ndani. Lakini nirudi kwetu niseme nimeolewa na picha? Thubutu! Nikakaa. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilimfikisha salama kaburini.

Tena aliiendeleza. Gidion alipozaliwa, jioni baba yake alimkalisha mapajani chini ya picha ile akimwonesha kwa kidole. Huyu mwekundu anaitwa Karani, anatembea taratibu kama mtu wa ofisini. Huyu mwenye doa ni Mkorofi, aliwahi kumkimbiza fisi mpaka fisi akaita mama. Wako kwa rafiki yangu kule Hirbadaw, ukikua tutawafuata. Kila jioni hadithi mpya. Mimi jikoni nasonya, nasonga ugali, nanyamaza. Mtoto alikuwa anacheka, ningemkatisha vipi?

Sasa Gidion ni mwanaume mzima, anaendesha bodaboda. Nilikuwa bado napanga maneno, yeye akasimama.

"Mama, waambie tu," akasema kwa upole. "Wako Hirbadaw kwa rafiki yake baba. Mimi mwenyewe nitawafuata."

"Mmesikia!" Oliva akaruka kutoka kwenye kiti. "Mtoto mwenyewe amesema! Jizi kubwa wewe, mpaka mwanao ulitaka kumdhulumu!"

Hapo nikaona giza. Nikaishusha picha ukutani, nikaikalisha mezani, nikachukua kisu na kunyanyua vile vimisumari vya nyuma. "Mama unafanya nini?" Gidion akauliza. Nikaondoa boksi la nyuma, nikaitoa picha. Upande mmoja Herman alikuwa ameukunja nyuma ili ukae nje ya fremu. Nilikuwa nimeuona zamani siku nilipobadilisha kioo, nikaurudisha ulivyokuwa. Sasa nikaukunjua, nikausawazisha kwa kiganja.

Alikuwapo mfugaji wa Kibarbaig, mrefu, mwenye shuka jeusi na fimbo begani. Kamba ya dume wa mbele ilikuwa mkononi mwake.

"Mwenye ng'ombe huyu hapa," nikasema. "Herman hakuwa na hata mkia. Aliwaazima kwa ajili ya picha ili anioe. Haya, nendeni mkamdai huyu."

Baba mkubwa Margwe akaipeleka picha mlangoni penye mwanga. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika.

"Herman! Mshenzi huyu! Ametuvalisha ng'ombe wa mtu, tena siku ya kumzika!"

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia kwenye msiba. Picha ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akaigiza Herman anavyoweka mkono mgongoni kwa ng'ombe wa watu, mwingine akaigiza baba yangu anavyoikodolea macho. Oliva naye alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga, na yale ndiyo machozi yake ya kwanza tangu afike. Baba mkubwa akatamka kwamba kama ng'ombe hawakuwepo basi kesi haipo, na mama abaki na nyumba yake na shamba lake.

Nilikuwa nimeshinda. Na nilimchukia kila mtu mle ndani, wa kwanza Herman.

"Chekeni," nikawaambia. "Mkimaliza, mlango mnaujua."

Gidion hakucheka. Picha ilipomfikia aliishika kwa muda mrefu, kidole gumba juu ya uso wa baba yake. Alikuwa anamtazama yule Mbarbaig.

"Mama," akasema, "nyumba tungejenga nyingine, kuliko baba kuchekwa hivi."

Mtoto huyu! Nimetukanwa mwizi mbele ya ukoo, nimepigania paa alilozaliwa chini yake, halafu ananiambia hivyo. Hasira zikanipanda mpaka utosini.

"Ungeijenga kwa kitu gani?" nikamuuliza. "Kwa ng'ombe wa baba yako?"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Nyumba ikalipuka kwa kicheko upya, Oliva akipiga makofi na kusema, "Mwambie, wifi, mwambie!" Gidion akaniangalia kwa jicho lile lile alilokuwa akimwangalia shangazi yake tangu asubuhi, akaiweka picha mezani, akatoka.