Okidi Kwenye Mtungi wa Achari

Nyumba ilikuwa imependeza, na Qiuping alikuwa hoi. Kazi yake ilikuwa kukata nyama kwenye duka kubwa katikati ya mji wa Zigong, kusimama tangu asubuhi mpaka jioni, mbavu za nguruwe zikija mbele yake kama zisizo na mwisho. Akitoka hapo, badala ya kwenda kulala, alipitia soko la maua. Leo chungu, kesho mfuko wa udongo, keshokutwa misumari. Miguu ilimvimba hadi akaanza kuvaa viatu alivyoviacha mumewe walipoachana, na hivyo ndivyo vitu pekee vya maana ambavyo mwanamume yule alimwachia.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mama yake. Bibi Dezhen alianguka bafuni kwenye nyumba yake ya zamani ng'ambo ya mto, akavunjika nyonga, akalazwa tangu kiangazi hadi majani ya miti yakaanza kupukutika. Pa kurudi hakuwa napo, maana mtaa ule ulikuwa unabomolewa na kila mtu ameshahama. Qiuping alimwambia aje akae kwake. Mama mtu hakukubali, wala hakukataa.

"Nitakuja nione," alisema akiwa kitandani, macho yake yanatazama dari. "Nikipaona nyumbani, nakaa. Nisipopaona, naenda kwa Pang. Kanishikia kitanda."

Pang alikuwa mgonjwa mwenzake, ambaye alipopona alihamia nyumba ya wazee nyuma ya kituo cha mabasi. Hapo ndipo palipomchoma Qiuping. Katika ukoo wao hakuna mzee aliyewahi kwenda kulelewa na watu baki. Shangazi zake wangepata la kusema mpaka mwaka mpya na baada yake: mama ana watoto wawili wazima, wanakula na kushiba, naye analala kwa wageni. Aliapa hilo halitatokea. Angemfanyia mama yake nyumba ambayo akiingia tu, moyo utatua.

Tatizo ni kwamba hakujua moyo wa mama yake unatulia wapi. Hakuwa na wakati wa kuuliza, na kusema kweli hata mazoea hawakuwa nayo. Basi akamfuata binti mmoja wa kwenye video za simu, mwenye sauti laini na nyumba isiyo na vumbi, anayewafundisha watu kupamba. Binti alisema vitu vya kale visitupwe, vipewe kona mpya. Alisema mzee akiviona vitu vyake vimeheshimiwa, atajiona naye ameheshimiwa. Qiuping alisikiliza maneno hayo akiwa ameloweka miguu kwenye beseni, akayaamini. Ukichoka sana unaamini chochote kinachosemwa kwa upole.

Akaenda kuhamisha vitu vya mama yake peke yake. Mdogo wake, Qiuliang, alikuwa Shenzhen na kazi zake, akituma ujumbe wa sauti: "Dada, usihangaike na gharama. Mimi naleta okidi, zile nzuri kabisa. Mama anapenda maua." Mama hakuwahi kupenda maua. Alipenda mboga. Lakini Qiuliang ana moyo mwema, na mtu akiwa mbali wema haumchoshi.

Okidi zikaja, nyeupe, zimefungwa kama mayai. Na nyumba ikaanza kuchukua sura. Nyuma ya kochi Qiuping alitundika mchoro wa wino wa milima na ukungu, akahakikisha maporomoko yanaelekea ndani ya nyumba, maana maji yakielekea mlangoni yanatoka na riziki. Dirisha la mbao la nyumba ya zamani, lenye nakshi za maua ya plamu, alilisugua na kulipandisha ukutani. Ubao wa kufulia aliusimamisha kwenye kona, mmea wa kutambaa ukauteremkia. Mbeleko ya hariri aliyobebewa yeye, na baada yake Qiuliang, aliitia kwenye fremu ya kioo. Mianzi myembamba ikakaa dirishani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata yeye alishangaa.

Ukabaki mtungi.

Ulikuwa mtungi wa achari, wa udongo uliong'arishwa kwa rangi ya kahawia, tumbo kubwa, na mdomo uliozungukwa na mfereji. Mfereji ule hujazwa maji, kifuniko kikakaa ndani yake, na hewa haiingii. Ndani ya mtungi mlikuwa na maji ya chumvi ya zamani kuliko Qiuping. Bibi Dezhen aliyapokea kutoka kwa mama mkwe wake alipoolewa, na tangu hapo hayakuwahi kumwagwa. Huongezwa tu: chumvi, tangawizi, pilipili, figili, majani ya haradali. Nyumba nyingi za huko zina maji ya namna hiyo, na huheshimiwa kama mtu mzima.

Akiwa hospitali, karibu kila akipiga simu, mama alisema neno lile lile. "Umeutia mtungi maji ya mfereji?"

"Nimetia, Mama."

Hakuwa ametia. Kwenda ng'ambo ya mto baada ya kazi ni mabasi mawili, na miguu ndiyo ile. Alipofika hatimaye na wabeba mizigo, mfereji ulikuwa mkavu. Akafunua. Utando mweupe umetanda juu, na harufu ikampiga usoni. Wabeba mizigo walikuwa chini wakipiga honi ya gari. Qiuping alisimama na kifuniko mkononi. Alijua dawa yake. Tangu utoto alimwona mama yake akiondoa utando kama ule kwa kijiko cha mbao, akamimina kikombe cha pombe kali na konzi moja ya chumvi, siku chache yakawa yamepona. Alijua kabisa. Ila alikuwa amechoka. Akauinamisha mtungi kwenye shimo la choo, akayasikia yanakwenda, akausuuza kwa sabuni. Nyumbani aliujaza vipande vya magome na nyasi laini kavu za msituni, akapanda okidi kubwa kuliko zote. Ulipendeza hata ukamtisha kidogo.

Mama alitoka hospitali siku ya mapumziko ya Qiuping. Aliingia akisukuma kigari chake cha kutembelea, akasimama katikati ya sebule, akazungusha macho polepole.

"Hii nyumba ya nani?"

"Yako, Mama. Yetu."

"Mmh. Ningekuwa mwizi ningeogopa kuingia." Akacheka kidogo. "Na ubao wangu umefanya kosa gani ukasimamishwa kwenye kona kama mtoto mtundu?"

"Ni pambo, Mama. Siku hizi ndivyo watu wanavyofanya."

"Na wanafulia nini?"

"Kuna mashine."

Bibi Dezhen akasogea mpaka kwenye fremu, akakikaribia kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Aliitazama mbeleko kwa muda. "Hapa ulitapika," alisema, akionyesha doa dogo karibu na ukingo. "Nililifua sana halikutoka." Sauti yake ilikuwa na furaha, na Qiuping kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akahisi bega lake moja limelegea. Anapapenda, alijisemea. Atakaa.

Akamkalisha kwenye kochi, kando kabisa ya okidi, akaenda kupika uji wa mchele, maana mama alisema ule wa hospitali ulikuwa kama maji yaliyooshewa sufuria. Akauleta mzito, unatoa moshi, na kisahani cha achari pembeni.

Mama akachukua kipande kwa vijiti, akatafuna mara mbili, akaacha.

"Hii ya dukani."

"Ni nzuri hiyo, Mama, inatoka..."

"Nimesema mbaya? Nimesema ya dukani. Ya kwangu haijaiva? Mtungi uko wapi, jikoni?"

Qiuping akakisogeza kisahani. Ingekuwa afadhali angejibu chochote. Mama alimtazama, kisha akafuata macho ya bintiye, ambayo yalikuwa yamekimbilia pale yasipotakiwa. Akageuka. Aliuona mtungi ulio karibu na goti lake, unang'aa, umetoa maua meupe juu. Akanyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye mfereji. Kilitoka kikavu.

"Maji yake umeyaweka wapi?"

"Yaliharibika, Mama."

"Yaliharibika vipi?"

"Yalikuwa na utando."

"Utando!" Sauti ikapanda. "Wewe Qiuping, umezaliwa wapi? Utando unatiwa pombe! Kuku wakipata kamasi utawachinja wote? Mimi nikipata kamasi utanimwaga?"

"Mama, nilikuwa..."

"Na mfereji? Si ulisema unatia?"

Qiuping akakaa kwenye kigoda. "Sikutia. Sikwenda mpaka siku ya kuhamisha vitu. Nilikuwa nachoka, Mama. Nilikuwa nasema nimetia ili ulale."

Alingoja agombezwe. Aligombezwa sana utotoni, na mama yake alikuwa fundi wa kugombeza. Anaweza kuanzia kwenye kijiko kilichopotea akafika kwenye ndoa iliyovunjika bila kumeza mate.  Lakini Bibi Dezhen aliweka vijiti chini, akaviweka sawa.

"Bibi yako mzaa baba alinipa yale maji siku ya pili ya harusi," alisema baadaye. "Mwanamke mkali yule, hakunipenda. Akaniambia, yakifa haya nitajua mke wa mwanangu ni mtu wa namna gani. Basi nikayalea. Qiuliang aliponiita Shenzhen nikakataa, nani atatazama mtungi? Baba yako alipokufa, siku ile ile nilitia mfereji maji. Unajua mara ngapi nimetaka kuyamwaga?"

"Hukuwahi kusema."

"Ningekwambia nini? Mtu anasema amechoka na achari?" Akatikisa kichwa. "Ila yalikuwa yananiamsha. Asubuhi unafungua macho, kuna kitu kinakungoja. Sasa niangalie hapa. Dirisha langu, ubao wangu, mbeleko yangu, vyote umeviweka vitazamwe. Hakuna nitakachogusa. Na mimi nimekalishwa kwenye kochi, kando ya ua. Umenipamba vizuri, mwanangu. Nakwambia kweli, umenipamba vizuri."

Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo lilikuwa zito kuliko kejeli. Qiuping alitazama miguu yake ndani ya viatu vya kiume. Mama naye alikuwa akiitazama.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Si kidogo hiyo. Ninatazama tangu nilipoingia." Bibi Dezhen akavuta pumzi. "Mimi natakiwa kuogeshwa, unalijua hilo? Natakiwa kuamshwa usiku kwenda msalani. Hospitali walikuwa wawili kuninyanyua. Hapa uko wewe." Akashika kigari chake. "Nitaenda kwa Pang."

Neno la kujibu Qiuping alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu kiangazi, alilisema moyoni akipigilia misumari, akipandisha mifuko ya udongo, akikata mbavu: Usiende, Mama. Ndilo lililomtoa jasho lote lile. Lakini kabla halijafika mdomoni, kifua chake kilishuka. Pumzi ndefu ilimtoka bila ruhusa yake, mabega yote mawili yakalegea, na akauona usingizi, asubuhi nzima ya usingizi, mlango umefungwa na hakuna mtu anayeita. Mtu mwingine asingetambua lolote. Huyu alikuwa mama yake.

"Usiende, Mama," akasema.

"Ehe," mama akaitikia taratibu. "Nimekusikia."

"Usiende, kweli nakwambia. Watasema nini watu?"

"Watasema. Na wewe utakuwa umelala." Akamsogezea bakuli la uji ambalo yeye mwenyewe hakuligusa. "Kunywa. Tangu asubuhi hujala, unadhani sijaona?"

Qiuping alilishika bakuli kwa mikono miwili na kuanza kulia, machozi yakidondokea kwenye uji. Alisema mara ya tatu asiende, na mara ya nne, kwa sauti kubwa zaidi, na kila aliposema mama yake alimwitikia kwa upole, kama mtu anayemshukuru mwenyeji kwa chakula ambacho hatakila. Kugombezwa angestahimili. Upole ule ndio uliomshinda, kwa sababu wote wawili walikuwa wameisikia ile pumzi.