Miaka ya Belinda

Siku tuliyompeleka mdogo wangu Belinda kliniki mara ya kwanza, mimi ndiye niliyesema ana miaka ishirini. Baba alikuwa ameniagiza. Clement, aliyempa mimba, ni jirani yetu, na Baba alisema ikijulikana binti yuko darasa la saba, Clement atafungwa na kijiji kizima kitatuchukia. Shuleni tulisema amekwenda kwa shangazi, Itigi.

Nesi Luciana alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu mwezi uleule. Belinda alikuwa mrefu kunipita. Nesi akaandika ishirini kwenye kadi.

"Mama kijacho mzima unashikwa mkono na dada yako kama wa chekechea," alimtania. Belinda akacheka.

Kliniki iliyofuata, nesi alitangaza kwamba wasichana wadogo hawatazalia pale zahanati. Waende mapema hospitali ya wilaya, Manyoni, maana nyonga zao hazijakomaa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na nilisikia kila neno. Jioni nikamweleza Baba. Akasema marehemu mama alituzaa wote nyumbani, kisha yeye akaenda zake kufunga ng'ombe. Sikurudia tena.

Uchungu ulimwanza Jumatatu alfajiri, nikampeleka zahanati. Jumanne saa sita mchana mtoto alikuwa bado hajashuka. Belinda alikuwa ameacha kulia. Aliniuliza kama wenzake wameshaanza mtihani wa taifa. Nikamwambia ni kesho.

Nesi akanivuta hadi mlangoni.

"Dada, huyu ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alipiga simu wilayani, akaambiwa gari la wagonjwa limepeleka mtu Dodoma, tusubiri. Baba alikuja na Clement, na pikipiki. Nesi akasema kwa hali aliyonayo Belinda hawezi kukalia pikipiki. Basi wakakaa chini ya ukuta, wote wawili. Mimi nilikuwa natoka barabarani, natazama, narudi ndani, natoka tena.

Gari lilifika saa kumi. Ndani nilikaa miguuni pake, nesi kichwani. Damu ilikuwa imelowesha khanga zote mbili.

Tulipopita Saranda nesi aliacha kumpima mapigo. Akamfunika. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa, kisha akauliza kama tugeuze. Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo akaendelea kuendesha kuelekea Manyoni.