Mama Kwenye Gemu

Baba alikuwa ameishika padi ya gemu kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani nikiyasoma maandishi kwenye televisheni: hakuna faili zilizopatikana.

“Imesusa,” aliniambia bila kugeuka. “Tangu juzi imesusa. Nikasema nisiguseguse mpaka mwenye ujuzi wake aje.”

Baba hakuwahi kucheza gemu maishani mwake. Mashine ile iliachwa na mdogo wetu wa mwisho alipooa, baada ya bibi harusi kusema wazi kwamba nyumba yake haina nafasi ya wake wawili. Ilikaa chini ya televisheni ikila vumbi, hadi mama alipofariki nikaitafutia kazi.

Mama alikuwa mshonaji, na mwalimu mkali wa wasichana waliokuja kujifunza kwake. Miaka yake ya mwisho aliamua kurekodi masomo yake kwa simu: kola, mikono ya bega, zipu isiyoonekana. Mpiga picha alikuwa baba. Nusu ya kila somo ilikuwa ugomvi. “Unanipiga mimi au unapiga dari?” mama alikuwa akiuliza huku mkasi ukiendelea kutembea kwenye kitambaa. “Sogea basi, unaniziba mwanga, mzee mzima.” Baba haonekani hata kidogo kwenye video zile. Ila unamsikia akijitetea, na picha nzima inatikisika kwa sababu anacheka.

Simu ilipojaa, tulizihamishia zote kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa chumba cha cherehani. Niliomba nakala, mama akakataa. Kola ya kwanza ilimtoka vibaya, alisema, na hatakubali watu waione kabla hajairudia. Kisha akaugua, na kola haikurudiwa. Baada ya maziko niliomba tena, safari hii kwa baba. Alinitazama kama mtu aliyetaka kuuza nguo za marehemu. “Mama yako alisema bado,” akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku zile alikuwa akishinda sebuleni mbele ya televisheni iliyozimwa. Sikuweza kuvumilia. Niliweka kwenye kompyuta programu ya kurusha video kupitia mtandao wa nyumbani, gemu ikazipokea, na kwenye kioo ikatokea folda moja yenye jina “Mama”, video zote zikiwa ndani yake. Nilimweleza baba kwa lugha ya nyumbani: kompyuta ni tangi, gemu ni bomba tu. Aliitikia kwa kichwa, vilevile alivyokuwa akimwitikia daktari.

Tangu hapo kila alasiri alikuwa akienda kugombezwa na mkewe. Nikimpigia simu ananiambia ningoje kidogo, bado anasemwa. Alirudi kunyoa ndevu. Alianza tena kula mezani, akiwa amekaa upande ambao televisheni inaonekana vizuri. Mimi niliyekuwa sijalala vizuri tangu msiba nililala.

Umeme ulipokatika na kurudi, gemu haikuonyesha kitu mpaka kompyuta iwashwe kwanza. Jambo hilo baba aliliona mwenyewe, akalipima, akapata sheria yake. Kwamba mama yumo kwenye gemu, maana ndiko anakotokea, na kompyuta kazi yake ni kumwamsha. Hakumwambia mtu. Alikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika haulizi.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa aliposema binti yake anahitaji kompyuta ya shule, baba aliitoa ile kubwa bila kusita. Na hapa ndipo ninapokosa wa kumkasirikia, maana hakufanya kwa uzembe. Alidai apewe kwanza kompyuta ndogo ya zamani ya dada. Akaiweka juu ya meza ileile, akachomeka waya uleule, akaifunika kwa kitambaa kilekile. Fundi wa kompyuta, aliyetumwa na dada kuichukua ile kubwa akaikague kwanza, alimuuliza kama kuna kitu ndani cha kutunza. Baba akamjibu kwa fahari kwamba hakuna, vitu vyote viko kwenye gemu. Fundi hakuwa na sababu ya kumbishia, kwa kuwa watu wengi huweka video kwenye gemu zao.

Haya yote niliyajua jioni ile, kipande kwa kipande, nikiwa nimekaa kwenye mkono wa kochi. Kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye kibanda cha fundi.

“Diski yake ilikuwa imechoka, dada,” alisema. “Nikamtilia mtoto diski mpya, isije ikamzimikia kwenye mitihani. Ya zamani ilikwenda na vyuma chakavu.”

Nilipomwambia kulikuwa na nini ndani, alifunga kibanda. Tulikwenda pamoja kwa mnunuzi wa chakavu, tukapekua mafungu ya vyuma mpaka mikono ikawa myeusi, na mnunuzi mwenyewe akatuambia kwa upole kwamba mzigo wa wiki hii ulishapelekwa kuyeyushwa. Nilitamani fundi yule awe mlevi, awe tapeli, awe na lolote nililoweza kumtukania. Alininunulia maji ya kunywa. Nilimchukia hivyohivyo.

Niliporudi, baba alikuwa ameshavaa shati safi, padi mkononi, ananisubiri niitengeneze. Nilifikiria kumdanganya. Ningesema mashine imeharibika, inahitaji kifaa kutoka mbali, na ningeendelea kusema hivyo mwaka baada ya mwaka. Lakini alinitazama usoni, na uso wangu haujawahi kujua kuficha kitu.

“Mama hakuwa kwenye gemu, baba.”

“Alikuwa wapi?”

Nilinyoosha mkono kuelekea chumba cha cherehani. Alitazama kule. Kisha akaiweka padi mezani, polepole, isitoe sauti.

“Niliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari,” alisema. “Nikamwambia dereva aende taratibu, isije ikagongwa.”

Nililia mimi. Yeye aliuliza kama nimekula.

Dada alikuja siku hiyohiyo, amevimba macho, na kwa wiki nzima tulilala pale kama watu waliofiwa upya, ila safari hii hapakuwa na wageni wala turubai. Hakuna aliyekuja kutupa pole. Ungewaambia nini watu? Baba hakumlaumu mtu. Alikuwa akikaa tu, midomo ikicheza, na tulijua anapitia masomo, anayasoma yote kichwani kabla hayajamtoroka.

Alasiri moja, dada akikunja nguo zilizokauka, baba aligeuka ghafla.

“Akitania,” alisema, “mama yenu alikuwa anacheka kwanza ndipo aseme, au anasema kwanza?”

“Anasema kwanza,” nikajibu.

“Anacheka kwanza,” dada akasema wakati uleule.

Baba alitutazama mmoja baada ya mwingine, akangoja tukubaliane.