Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Enzi

Kinyozi alikuwa na miaka miwili ndani ya ndoa, na mpaka leo mama mkwe alimwita "huyo". "Mwambie huyo chai inapoa." "Huyo hali chakula?" Si mkwe, si mwanangu, huyo tu, na jambo hilo lilimuuma kweli. Kwa hiyo walipokwenda kutembea jijini watu watatu, yeye, mkewe na mama, kisha mkewe akashikwa na mafua akabaki hotelini, kinyozi alijiambia: leo ni leo. Atampeleka mama kwenye makumbusho yale yanayosifiwa dunia nzima, na mama atarudi moyo mweupe.

Lakini makumbusho hayana huruma na miguu ya watu wazima. Walipita vyumba vya vyungu, vyumba vya mapanga, vyumba vya wafalme wa mawe waliovunjika pua. Mwanzoni mama alishangaa, kisha akaguna, kisha akanyamaza kabisa, na mama yule akinyamaza ujue kuna jambo. Mara akainua kamba nyekundu, akapita chini yake, akaketi kwenye kiti cha enzi cha miaka elfu mbili. Akavua na viatu.

Kinyozi afanyeje? Mama mkwe humshiki mkono ukamwinua, wala humwambii "ondoka hapo" kama mtoto. Akaugeukia ukuta.

"Jamani, kibao hiki kinasema watu wasikae!"

"Uambie huo ukuta miguu inaniuma," mama akajibu.

Hapo kundi la watalii likaingia, likadhani ni maonyesho, na kamera zikaanza kumulika. Mama akainua kidevu, maana kwenye picha hakuwa mtu wa kujivunga. Nyuma yao mlinzi alikuja mbio, uso umemvimba kwa hasira.

Kinyozi aliona aibu inavyomjia mama mbele ya umati, na lawama zote zitakavyomwangukia yeye. Hakufikiri mara mbili. Aliruka kamba ya upande wa pili, akajitupa ndani ya gari la vita la mfalme, lile la kukokotwa na farasi, na kupiga kelele, "Haya, twende!" Farasi wa mbao hawakwenda popote. Kengele zililia, mlinzi akageuza njia, na watalii wakageuza kamera.

Alitolewa kwa kushikwa ukosi. Umati ukapasuka, mama akatokea, viatu mkononi.

"Mwachie mwanangu!" alifoka. "Viti vyote hivi, na mtu haruhusiwi kukaa! Ndiyo akili gani hiyo?"

Mlinzi naye alikuwa na mama yake nyumbani. Alimwachia, ila akawasindikiza wote wawili hadi nje ya lango.

Waliketi kwenye ngazi. Mwanangu! Kinyozi alilirudia neno lile kimoyomoyo, furaha imemjaa hadi masikioni. Akaanza kuomba radhi, lakini mama akamkatiza na kumsogelea.

"Mwanangu, kesho tuwahi," alinong'ona. "Chumba kile cha mwisho nimeona kitanda."