Mpaka Unaopita Jikoni kwa Hilda

Mara moja kwa mwaka, Alhamisi ya Kupaa, watu wa Ockerley hupita jikoni kwa Hilda Pargeter wakiwa na fimbo mikononi. Huingia kwa mlango wa mbele, hula keki ya tangawizi wakiwa wamesimama, kisha hutokea mlango wa nyuma na kulichapa fimbo jiwe lililo kizingitini. Ndivyo mpaka wa parokia unavyokaguliwa tangu enzi za watawa waliomiliki mashamba yale. Nyumba zilipokuja kujengwa, fundi hakujali mpaka wa mtu. Alijenga jiko juu yake.

Hilda aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi, wala hakuona haya kusema. Tangu Wilf mumewe afariki, mwaka wa sita huu, ndiyo siku pekee nyumba yake inajaa. Siku nyingine anayebisha hodi ni mtu wa posta, naye hana muda. Kilichomuuma ni dakika ile tu wanapotoka kwa nyuma wote, jiko likabaki na vikombe vichafu na ukimya.

Basi mwaka huu akazuka Bwana Antrobus. Mwalimu mstaafu, ana miezi minane tu mtaani, na tayari ni katibu wa kamati ya historia, maana hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Aliitafuta hati ya kale ya watawa, akaichungulia, akatangaza kwamba watu wamekuwa wakipotea njia miaka yote. Hati inasema mpaka unafuata “mere”, na mere ni bwawa. Bwawa la Ockerley liko nyuma ya maegesho ya supamaketi, kwa hiyo msafara utapita huko. Hata kibao cha Mtaa wa Mereway, anakokaa Hilda, kimechorwa bata, akasema, utadhani bata alitia saini.

Kasisi Philippa alikwenda mwenyewe kumpa Hilda habari hiyo, akaizungusha weee mpaka chai ikapoa. Hilda akasema haidhuru. Alipofunga mlango akakaa akalia kidogo, kisha akakasirika. Hasira za mama huyu haziji mbio; huumuka taratibu kama keki yake. Siku ya tatu zikawa zimeiva.

Lililomchoma ni neno lenyewe. Bibi yake, aliyezaliwa Ockerley ingali na ng'ombe, aliuita “mere” ukingo uliotenga bustani yake na ya jirani, na kila mara alimwonya Hilda asiuvuke. Pale hapakuwa na tone la maji. Palikuwa na kabichi. Sisi tuna kaa la moto na kaa wa pwani. Wenzetu Waingereza wana mere ya bata na mere ya mpaka.

Siku moja kabla ya msafara, Hilda alimwalika Bwana Antrobus chai, aje na hati yake. Akaja amevaa tai. Hilda alimwacha amalize vipande viwili vya keki, ndipo akamwomba asome sentensi nzima, si neno moja.

“Kisha mpaka unatoka kwenye jiwe jeupe na kufuata mere,” akasoma, “na kupanda nayo kilima hadi kwenye mti wa miiba.”

“Hebu rudia hapo pa kilima.”

Akarudia, safari hii polepole.

“Mwalimu,” Hilda akasema, “wewe umeshaona wapi bwawa linapanda kilima?”

Bwana Antrobus akavua miwani. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mwongo. Akaomba kuonyeshwa jiwe. Hilda akafungua mlango wa nyuma, na yule bwana akapiga magoti na tai yake, akakwangua kuvu kwa ukucha. Chini yake jiwe lilikuwa jeupe.

“Miaka arobaini nawaambia watoto wasome sentensi mpaka mwisho,” akasema.

“Haya, leo na wewe umesoma.”

Kesho yake walikuja watu arobaini na watatu, na keki haikutosha. Na kwa kuwa desturi ni desturi, aliyehamia mwisho Ockerley hubebwa mikono na miguu, akagongwa makalio juu ya jiwe mara tatu, ili mwili wake uukumbuke mpaka. Wilf aligongwa hapo hapo mwaka aliomwoa Hilda. Safari hii zamu ilikuwa ya Bwana Antrobus, na aliyehesabu moja, mbili, tatu, kwa furaha isiyofichika, alikuwa Hilda.

Msafara ukatokea nyuma na kuanza kupanda kilima. Hilda akarudi ndani kukabiliana na ukimya wake. Akamkuta Bwana Antrobus amesimama kwenye sinki, mkono mmoja kiunoni, anaosha vikombe.

“Kilima sikiwezi leo,” akasema. “Na kukaa pia siwezi.”

Hilda akaenda kwenye kiti cha Wilf, akaweka mto juu yake, kisha akaongeza wa pili.