Kichwa cha Manariyo

Manariyo alipigwa na kiharusi akianika dagaa pale Bangwe, kando ya ziwa, na alipozinduka Kirundi chote kilikuwa kimemtoka. Kiswahili kilibaki. Majirani walistaajabu siku mbili tatu, wakarudi kwenye shughuli zao. Aliyebaki na mzigo ni mkewe, Concilie.

Mume huyo alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, akaota mizizi huku ziwani. Concilie alibaki kwao na mimba ya binti yao Armelle, akangoja, mpaka vita vya juzi vilipomvusha naye huku, akiwa na mvi. Miaka yote hiyo ya kungoja, kisha miezi michache ya kuongea, kisha hivi. Akimsemesha, mzee anamtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni. Na Kiswahili cha Concilie kilikuwa cha sokoni tu: hii, ile, punguza.

Kwenye zahanati, muuguzi Feliksi aliwaonyesha picha ya ubongo ukutani. Jirani yao Verediana, mfinyanzi, akawa anamgeuzia Concilie maneno yale kwa Kiha, ambacho Mrundi hukisikia bila taabu.

"Damu iliziba hapa," alisema Feliksi. "Mwenye lugha mbili, mara nyingine moja hupotea. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Mzoezeni, mikono na maneno pamoja."

Njiani Verediana akasema, "Mama Armelle, tuufinyange ule ubongo na mikunjo yake. Tutoboe matundu, nawe mdarizi upitishe nyuzi. Kila tundu, neno."

Waliufinyanga nusu mbili, kama papai lililopasuliwa. Concilie alichora mikunjo kwa ncha ya sindano mpaka macho yakamwasha.

"Ndani pabaki wazi, kama chungu," Verediana alimwagiza.

"Tupu? Watu wanasema mume wangu hana kitu kichwani, nami nimfinyangie utupu?"

"Nenda zako huko! Ni udongo huu, shoga, siyo shemeji."

Lakini Verediana alipokwenda kuteka maji, Concilie alijaza nusu moja udongo, akaifunika na kulainisha kwa kidole kilicholowa. Nusu ya pili haikujazwa kwa sababu udongo ulimwishia.

Siku ya kuchoma, nyasi na magome vikiwa vimeshika moto, kitu kililia kama risasi. Concilie alijitupa chini, mikono kichwani. Verediana akachokoa majivu, akaokota kipande kinene.

"Hii uliijaza."

"Niliijaza."

"Udongo mnene hivi lazima upasuke! Hata mtoto wa mfinyanzi..." Akamwona mwenzake bado mikono iko kichwani, akakiweka kipande chini.

Wakabaki na nusu moja. Kila alasiri Concilie aliipakata mbele ya mzee, akapitisha uzi, akaonyesha moto jikoni, akasema, "Umuriro." Mzee alitabasamu tu. Concilie akarudia, "Umuriro." Mzee akatabasamu tena. Jioni Concilie alikuwa mchovu kuliko mtu aliyelima.

Siku moja sindano ilimponyoka, asiinuke kuitafuta. Manariyo akasema, "Umechoka."

"Verediana!" aliita Concilie kupitia ua. "'Umechoka' ni nini?"

Verediana alimwambia.

"Basi hilo amelijua," akasema Concilie, akacheka kicheko kidogo.

Halafu akaiokota sindano, akapitisha uzi kwenye tundu, akaonyesha jikoni bila kusema neno. Akangoja.

"Moto," alisema mzee.

"Moto," akarudia Concilie, akavuta uzi.

Akaonyesha mlango. Mlango. Akaonyesha jiwe la kufungia mlango. Jiwe. Mwisho akajionyesha mwenyewe.

Manariyo akajibu, "Mke wangu."

Safari hii hakumwita Verediana. Alimwelekezea mzee kidole kifuani, naye akasema, taratibu, "Mke wangu."

Mzee akacheka mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea. "Mume," akasema, akijigonga kifua kwa mkono mzima. "Mume."

Concilie akamfuta mdomo. "Mume," akasema, akatafuta tundu jingine, mabega yakimuuma.