Kiwanda Kilichomeza Kibanja

Anastazi alipofika na magunia yake kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa pale Nkwenda, Deodatha, mwenye kiwanda, hakumpa shikamoo. Alimwacha mzee wa watu asimame juani mpaka wanawake wote wa kuchambua kahawa wakamwona.

Alikuwa amemngoja tangu utotoni. Enzi za vijiji vya ujamaa, Anastazi alikuwa mwalimu wa siasa kule Rugu, kijana mwenye ulimi mtamu. Aliwaambia wanakijiji kwamba watu wa jembe hawawezi kuurukia ukomunisti. Sharti kwanza wapate kiwanda; kiwanda kizae wafanyakazi, na wafanyakazi hao ndio watakaowang'oa wanyonyaji. Mahali panapofaa, akasema, ni kibanja cha baba yake Deodatha, shamba lake la migomba. Migomba ikafyekwa. Kiwanda hakikujengwa. Miaka ikapita, Anastazi akapanda kahawa yake palepale, na baba mtu akafa kibarua kwenye mashamba ya wenzake.

"Mwanangu, nikobolee," Anastazi alisema. "Mashine ya kwetu imekufa."

"Kwanza wafundishe hawa lile somo lako la kiwanda."

Mzee akaelewa. "Deodatha, hayo ni ya kale."

"Kwako wewe."

Akaizima mashine kwa mkono wake. Anastazi akaanza, sauti inakwaruza, na wanawake wakacheka chinichini aliposema "wavuja jasho wa dunia". Deodatha hakucheka. Alimtazama kama paka anavyolitazama tundu la panya.

"Sasa waambie kibanja cha baba yangu kilikwenda wapi."

"Nilikichukua mimi," mzee akasema. "Kahawa yake ndiyo iliyosomesha wanangu."

Kitu kikalegea kifuani mwa Deodatha, kitamu kuliko pombe ya rubisi. "Basi magunia yatabaki hapa. Kahawa ya kibanja cha baba hairudi kwako. Nenda."

Anastazi hakubisha. Aliokota fimbo yake, akajikokota hadi mlangoni. Hapo Sperancia, mkubwa wa wachambuaji, akamsimamisha.

"Mwalimu, somo hukulimaliza. Kiwanda kikishapatikana, kinakuwa cha nani?"

Mzee akamtazama Deodatha, kisha akawatazama wanawake wenye vumbi la makapi kwenye kope.

"Nilifundisha kwamba ni cha wanaokifanyia kazi," alisema taratibu. "Ila mwenye mashine hakiachi kwa hiari. Hunyang'anywa."

Deodatha akaiwasha mashine ili ngurumo yake ifunike maneno hayo. Kupitia dirishani alimwona Anastazi akivuka barabara mikono mitupu, mgongo umepinda, na akafurahi. Hakuona haya kufurahi.

Alipogeuka, Sperancia na wenzake walikuwa bado wamesimama. Nyungo zao zilikuwa chini, na wote walikuwa wanamtazama yeye.